Tumbo ni Amana: Waadhi kwa Watu wa Mwambao Kutokana na Mambo ya Kisii na Nyamira

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akampa kinywa cha kulia, na tumbo la kusagia, na akili ya kupambanua kizuri na kibaya. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyeshika mwenendo wao hata siku ya malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, ni machache tunayoyakiri kwa ulimi na kuyasahau kwa mkono kama neno hili, ya kuwa mwili ni amana. Twajua kwamba siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya umri wetu tuliutumiaje, na mali yetu tuliichuma wapi na kuitoa wapi, na mwili wetu tuliuchakaza katika jambo gani. Walakini utamwona mtu aogopa kukivunja kikombe alichoazima kwa jirani, wala haogopi kuliharibu tumbo alilopewa na Mola wake. Na tumbo likiharibika haliharibiki peke yake. Huharibika damu, na nguvu, na usingizi, na subira ya mtu kwa watu wake, na khushui yake katika Sala. Ndiyo sababu tumeona yafaa kulizungumza jambo hili katika waraka wetu, ijapokuwa wako watakaosema kwamba mambo ya tumbo ni ya matabibu wala si ya dini.

Wako watu wengi husema kwamba Mtume (S.A.W.) ndiye aliyeliita tumbo kuwa ni nyumba ya maradhi. Maana ya neno hilo ni nzuri, lakini si hadithi ya Mtume. Maulamaa, akiwamo Ibnul Qayyim, wamebainisha kuwa ni maneno ya al-Harith bin Kalada, tabibu wa Kiarabu wa mji wa Taif. Yatupasa tumpe kila mtu neno lake, kwani kumzulia Mtume ni dhambi kubwa hata katika jambo jema. Wala hatuna haja ya kuzua, maana yako yaliyopokewa kwa njia ya sawa. Tirmidhi amepokea kwa Miqdam bin Maadikarib kwamba Mtume alilifananisha tumbo na chombo, akakifanya kuwa ndicho kibaya zaidi kukijaza. Akatufunza kuwa mtu yamtosha matonge machache ya kumsimamisha, na asipoweza, basi aligawe tumbo thuluthi tatu, moja ya chakula, moja ya kinywaji, na moja ya pumzi. Na Qur'ani Tukufu, katika Suratul Aaraf aya ya 31, imeturuhusu kula na kunywa ikatukataza israfu. Na katika Sura Abasa aya ya 24 imemtaka mwanadamu akitazame chakula chake. Na kukitazama si kukiona tu. Ni kufikiri kimetoka wapi, kimepatikana vipi, na chafanya nini kikishaingia ndani yetu.

Basi leo na tutazame pamoja chakula cha watu wengine, ili tujue hali ya chetu. Tumechagua Kisii na Nyamira. Huenda mtu wa Mombasa au wa Lamu akauliza, Kisii yatuhusu nini sisi watu wa mwambao? Jibu letu ni kwamba yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, huko wako ndugu zetu Waislamu wa miaka mingi, khasa Wanubi wa Kisii mjini, ambao wazee wao walikuwa askari katika majeshi ya Waingereza. Pili, katika kaunti hizo mbili yameonekana mambo mawili kwa pamoja, la kheri na la shari, na yote mawili yahusu tumbo au mlango ulio jirani yake. La kheri twalihitaji kujifunza. La shari twalihitaji kuonyeka, maana mbegu zake ziko kwetu pia.

Kisii na Nyamira ni nchi za milima, zenye mvua nyingi na udongo wenye rutuba, na zamani zilikuwa wilaya moja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576, nao wamesongamana juu ya ardhi isiyokuwa kubwa. Chakula cha asili cha wenyeji, Abagusii, ni ugali wa wimbi, wauitao obokima. Mboga zao mashuhuri ni chinsaga, ambayo kwa Kiswahili ni mgagani, na rinagu, ambayo ndiyo mnavu tuujuao. Maziwa huyaacha katika kibuyu yakagandamana na kuwa machachu, wakayaita amabere amaruranu. Mwanamke aliyejifungua hupikiwa chinsaga apate kurudisha nguvu na damu.

Ukikitazama chakula hicho kama Qur'ani inavyotutaka, utaona hekima kubwa ndani yake. Wimbi ni nafaka ya asili ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na Uhabeshi, na katika nafaka zijulikanazo hakuna ipitayo wimbi kwa kalsiamu, nayo ndiyo kitu kijengacho mifupa na meno. Punje yake ni ndogo mno, na aghlabu husagwa pamoja na ganda lake, kwa hivyo unga wake huwa na nyuzinyuzi nyingi. Mboga chungu zina madini ya chuma na vitamini. Maziwa machachu yana viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwa kazi yao sukari ya maziwa hupungua, na tumbo lisiloyaweza maziwa mabichi huyaweza hayo.

Labda msomaji atashangaa kusikia kwamba viumbe vidogo hivyo vyaweza kuwa na manufaa. Lakini elimu ya zama hizi imethibitisha kwamba katika utumbo wa kila mwanadamu mmeishi bakteria wa namna nyingi, kwa hesabu ya mamilioni ya mamilioni, na wengi wao si adui zetu. Mwenyezi Mungu amewaumba wakatukalia kama wapangaji wema. Zile nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, wao huzila, na katika kuzila hutoa asidi zinazoilisha ngozi ya ndani ya utumbo na kutuliza mwako wa ndani ya mwili. Sehemu kubwa ya chembe zinazotulinda na maradhi zakaa pembezoni mwa utumbo, na hapo ndipo zifunzwapo kumjua adui na rafiki. Mtu akila vyakula vilivyokobolewa na kukaangwa peke yake, wapangaji wema hufa njaa, na nyumba ikikosa wapangaji wema huingiliwa na wezi.

Jambo hili lilianza kuonekana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, hata mwaka 1964. Aliona kwamba wanavijiji wa Uganda, waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, mara chache walipata maradhi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama kufunga choo, na kidole tumbo, na saratani ya utumbo mpana. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba chakula cha wanavijiji hao hupita upesi zaidi tumboni, na choo chao huwa kingi kuliko cha Waingereza. Watu walimcheka kwa kupima vitu hivyo, lakini hatimaye ulimwengu ulikuja kulikubali somo lake la nyuzinyuzi.

Na karibu zaidi, mwaka 2025, wataalamu wa Moshi katika Tanzania, pamoja na wenzao wa Uholanzi, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia vijana wa kiume 77 wa kaskazini mwa Tanzania. Wa shamba walioacha vyakula vyao vya asili kwa majuma mawili, wakala vya kizungu kama mikate myeupe, soseji na viazi vya kukaanga, alama za mwako wa ndani zilipanda katika damu yao. Na wa mjini walioacha vya kizungu wakala vya asili, alama hizo zilishuka, na baadhi ya faida ilikuwapo hata majuma manne baada ya majaribio kwisha. Kulikuwa na kundi lililonyweshwa mbege. Nasi hatuna haja nayo, kwa kuwa ni kileo, na waliobadili chakula peke yake wanatosha kuwa dalili. Fikirini, ndugu zangu: majuma mawili tu! Ikiwa majuma mawili yaweza kuibadili damu ya kijana mwenye siha, je, miaka ishirini yamfanyia nini mzee wetu?

Hapa yafaa tutaje ya kwamba nafaka ya wimbi iletayo baraka hii ndiyo hiyo hiyo watu waitumiayo kupikia pombe iitwayo amarwa. Punje ni moja na ardhi ni moja, lakini mkono mmoja huifanya uji wa mtoto, na mkono wa pili huifanya kiondoa akili. Neema haiharamishwi kwa kosa la mtumiaji, lakini mtumiaji ataulizwa.

Ikawaje watu wa Kisii wakaanza kuiacha hazina yao? Katika miaka ya 1930 ililetwa kahawa, na katika miaka ya 1950 chai, na mahindi meupe yakaenea juu ya wimbi. Mashamba yakagawanywa baina ya wana na wajukuu hata yakawa vipande. Wimbi hutaka kupaliliwa kwa subira na kuvunwa kwa mkono, na mahindi ni mepesi zaidi. Tena sembe nyeupe ikaonekana kuwa ndiyo heshima, na ugali mweusi ukaonekana kuwa wa watu duni. Siku hizi wimbi huuzwa kwa bei iliyopita ya mahindi, na matabibu humwagiza mgonjwa wa kisukari akitafute kile ambacho babu yake alikula bila kuagizwa. Hatusemi kuwa mahindi ni haramu, wala chai si dhambi. Twasema kwamba kuitupa neema kwa sababu ya kuona haya ni ujinga, na ujinga huo hauko Kisii peke yake.

Sasa natupande kutoka tumboni mpaka moyoni. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) habari za talbina, nao ni uji mwepesi wa unga wa shayiri. Alikuwa akifiwa na mtu wa kwao, wanawake waliokuja kutoa pole wakiisha kuondoka, wakabaki wenyewe na watu wao wa karibu, huamrisha chungu cha talbina kipikwe, kwa kuwa alimsikia Mtume akieleza kwamba uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Kwa miaka mingi wako waliolisoma neno hili wakaliona kama faraja ya maneno tu. Leo wataalamu wanatuambia kwamba utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu, yenye chembe kwa mamilioni, na kwamba uko mshipa mkuu upelekao habari baina ya tumbo na ubongo, huku na huku, usiku na mchana. Wanatuambia pia kwamba sehemu kubwa ya serotonini, moja katika vitu vinavyochukua habari za mwili, hutengenezwa katika utumbo.

Na lugha yetu yajua haya zamani. Mswahili akimwona mtu ana wasiwasi husema yu tumbo joto. Mtoto aogopaye mtihani huumwa na tumbo, na mtu aliyefunga choo siku tatu huwa mkali kwa mkewe bila sababu. Basi uji wa wimbi wa Kisii na talbina ya Madina ni ndugu wawili: nafaka isiyokobolewa, nyepesi, ya moto, iliyopikwa kwa mkono wa huruma. Hatudai kuwa mtu mwenye ugonjwa wa akili aache dawa ya daktari anywe uji. Twadai kwamba Uislamu haukuutenga moyo na tumbo, nasi tusiutenge.

Hiyo ndiyo kheri tuliyotaka kuionyesha. Natuje sasa kwenye shari.

Katika nchi za milima zenye mvua na watu wengi kama Kisii na Nyamira, kama vile katika mitaa yetu ya mwambao, maradhi ya tumbo mengi hutokana na uchafu wa binadamu kuingia katika maji na udongo. Mchango jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo laki mbili kwa siku, na mayai hayo hukaa katika udongo muda mrefu yakimngoja mtoto atie mkono mchafu kinywani. Minyoo ya safura huingia kwa nyayo zilizo tupu, ikafyonza damu ndani ya utumbo, hata mtoto akawa mweupe wa macho, mchovu, mzito wa kusoma. Katika kaunti zilizotiwa katika mpango wa serikali wa kuwapa watoto wa shule dawa ya minyoo, zimo Kisii na Nyamira, na huku kwetu zimo Kwale na Kilifi. Dawa hiyo ni neema, lakini mtoto aliyemeza dawa leo, akirudi katika udongo ule ule usiokuwa na vyoo, kesho huambukizwa tena.

Kisha iko homa ya matumbo, na jina lake lenyewe latwambia imetoka wapi. Bakteria wake huingia kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi. Mgonjwa huwaka homa siku nyingi, na isipotibiwa huenda akaweweseka, akasema maneno yasiyofahamika, akawakataa watu wake. Kisha viko vidonda vya tumbo, ambavyo kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa ni matokeo ya fikira na pilipili. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, wa Perth katika Australia, waligundua bakteria akaaye ndani ya tumbo. Na mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe akaugua tumbo, ili awaonyeshe waliomkataa. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo vidonda vingi vya namna hiyo huponywa kwa dawa za majuma machache.

Basi mtazameni mtoto mwenye safura, na mgonjwa aweweseketaye kwa homa ya matumbo, na mtu aliyekonda kwa vidonda. Watu wao husemaje? Husema: amelogwa. Amelishwa kitu. Ametupiwa jini. Na likisha kusemwa neno hilo, hutafutwa aliyefanya. Aghlabu hupatikana bibi kizee, mjane, asiyekuwa na wa kumtetea.

Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika vijiji vya Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Hatusemi kwamba maradhi ya tumbo ndiyo yaliyokuwa chanzo cha mauaji hayo. Twasema mlango ni mmoja: asiyetafuta sababu ya balaa hutafuta mtu wa kumtwika. Wala mtu wa mwambao asijione kuwa bora akasema hayo ni mambo ya watu wa bara. Huku kwetu Kilifi wazee wengi wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, hata ikalazimu kuwekwa makao ya kuwahifadhi huko Kaya Godoma, katika Ganze. Mvi zimegeuzwa kuwa ushahidi wa kuhukumia watu kufa!

Labda mtu atauliza: je, Qur'ani haikutaja uchawi? Imeutaja, katika Suratul Baqara aya ya 102, na papo hapo imetujulisha kwamba haudhuru ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini ni wapi ilipotupa ruhusa ya kumhukumu mtu kwa ndoto ya mganga, au kwa ubao, au kwa dhana ya jirani? Suratul Hujurat aya ya 12 imetukataza dhana nyingi, na Suratul Maida aya ya 32 imelifananisha tendo la kuiua nafsi moja isiyokuwa na hatia na kuwaua watu wote. Na Muslim amepokea kwamba amwendeaye mpiga ramli akamwuliza jambo, Sala zake za siku arubaini hazikubaliwi. Basi mwenye kumpeleka mtoto wake kwa mpiga ramli kwa ajili ya minyoo amepoteza mara tatu: fedha yake, na Sala zake, na damu ya mtoto ambayo minyoo yaendelea kuifyonza.

Bukhari amepokea habari za mtu aliyemjia Mtume akamshitakia tumbo la nduguye. Mtume akamwambia amnyweshe asali. Akarudi mara ya pili na ya tatu akilalamika kwamba haikufaa, na kila mara Mtume akamkariria dawa ile ile, hata mwisho yule mgonjwa akapona. Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, alipoletewa ugonjwa wa tumbo, Mtume alijibu kwa dawa, hakuuliza ni nani aliyemroga. La pili, dawa hutaka kukamilishwa, wala si kuachwa baada ya siku mbili kwa kuwa mtu ameona nafuu kidogo au hajaiona. Vipi sisi tumemeza nusu ya vidonge, nusu tumevitia kabatini, kisha twasema hospitali haifai, na twenda kunywa kombe?

Ndugu zangu, itakuwa ni unafiki tukiyahukumu ya Kisii na kunyamazia yaliyomo majumbani mwetu. Tazameni mwezi wa Ramadhani. Mwenyezi Mungu amelipumzisha tumbo tangu alfajiri hata magharibi, nasi tukalipiza kwa saa moja yale ya siku nzima: sambusa, kaimati, viazi karai, mikate ya sukari, vinywaji vya rangi. Mtu huinuka hapo hawezi kurukuu, na tarawehe huisali akipiga miayo. Hata katika siku za kawaida, asubuhi yetu ni chai iliyojaa sukari na mahamri, na watoto wetu huenda shule na soda na viazi vya kukaanga. Na mbaazi zetu, na kunde, na mnavu, na mchunga, na uji wa mtama tumeviona kuwa ni chakula cha maskini, sawasawa na Mkisii aliyeuonea haya ugali wa wimbi.

Tena tazameni matangani. Tumeona kwamba Bibi Aisha alikuwa akiwapikia wafiwa uji wa kuwatuliza. Na Mtume aliamrisha jamaa ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Sisi tumeligeuza juu chini. Mfiwa ndiye apikaye, tena pilau, tena kwa mkopo, na waliokuja kumliwaza ndio walao wakashiba wakaondoka. Mjane ameachwa na deni mahali pa talbina! Ni ada gani hii iwezayo kuitwa sunna? Wamejaza matumbo yao, na wameujaza moyo wake huzuni juu ya huzuni.

Basi ni wajibu wetu tufanye nini? Kwanza, kila mwenye nyumba arejeshe katika sahani yake nafaka isiyokobolewa, na jamii ya kunde, na mboga za majani, kila siku, na apunguze sukari na mafuta. Si lazima iwe wimbi la Kisii, ingawa wimbi lapatikana sokoni. Pili, tuwe watu wa choo safi na mikono safi. Mtume amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na ameonya juu ya kwenda haja penye maji, na njiani, na vivulini, akayahesabu kuwa ni mambo yaletayo laana. Na wazee wetu walisema, mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Mtaa wa Waislamu wenye msikiti wa marumaru na mfereji wa kinyesi mlangoni umelisahau nusu la somo lake. Tatu, mgonjwa wa tumbo apelekwe kwa tabibu, apimwe, na dawa aimalize. Tumwombee dua, kwani dua na dawa havigombani. Nne, anayesikia mtu akitajwa kuwa mchawi asinyamaze. Amtetee mzee huyo kama atakavyopenda kutetewa mama yake. Tano, wafiwa wapelekewe chakula, wala wasiliwe chakula chao.

Na ndugu zetu wa Kisii na Nyamira, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, twawaombea kheri. Wana hazina katika vibuyu vyao na mashamba yao ambayo ulimwengu waanza sasa kuitafuta. Wako kati yao, kama walivyo kati yetu, watu wanaowahifadhi wazee na kuufungia mlango uongo. Mwenyezi Mungu awape nguvu watu hao huko na huku.

Ewe Mola wetu, tujaalie chakula chetu kiwe halali, na kizuri, na cha kiasi. Yaponye matumbo ya watoto wetu, na utulize nyoyo za wafiwa wetu. Tukinge na dhana inayomwaga damu, na na ujinga ujifanyao dini. Na utukutanishe nawe tukiwa tumeirudisha amana kama ulivyotupa.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.